Miti ya Mpanda na Fedha za Kuitunza

Kwa miaka mingi siku ya kupanda miti katika nchi yetu ilikuwa Januari 1. Mwaka 2000 Serikali iliihamishia Aprili 1. Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa Mpanda, na habari hiyo ilipotufikia nilitazama kwanza nje ya dirisha, kisha nikatazama kalenda. Huku kwetu mvua huanza Novemba, na Aprili ikiisha huwa nazo zimeaga. Mche unaopandwa Aprili Mosi hupata majuma matatu au manne ya unyevu, halafu unakabidhiwa kwa kiangazi cha miezi sita au zaidi, pamoja na mchwa, mbuzi na moto kichaa. Haki lazima isemwe: mikoa iliruhusiwa kujichagulia siku kwa kufuata mvua zake. Lakini sherehe, mgeni rasmi na mpiga picha hupenda kufuata tarehe ya Taifa.

Nimeanza na tarehe hiyo kwa sababu fedha za miti nazo zimekwenda mwendo huohuo. Zimekuwapo, tena si haba, na zimefuata siku ya kupanda. Siku zinazofuata zimeachiwa mwenye moyo.

Mji wetu ni mtoto wa msitu. Reli ya kutoka Kaliua ilifika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, na mgodi ulipofungwa mwaka 1960 mji ulibaki. Pande zote ulizungukwa na miombo: mininga, mitundu na jamaa zao. Mtundu ukikatwa na kisiki kikaachwa, baada ya mvua mbili tatu machipukizi yako kiunoni. Kwa hiyo wazee hawakuona sababu ya kupanda mti wa porini. Waliopanda, walipanda mwembe, nao waliupanda nyuma ya jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Mtu akitaka kujua nyumba za zamani za mji huu zilikuwa wapi, na afuate miembe.

Nilipomaliza chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 ilikuwa bado na nguvu zake zote. Kila mtoto alikuwa na mti wake na kibao chenye jina. Mwaka 1980 ikaja kampeni ya Misitu ni Mali. Tulipata miche ya mikaratusi na mijohoro bila malipo, tukaipokea kwa ngoma. Wanafunzi waliteka maji kwa zamu, kiranja akasimamia, na mpaka Mei kila kitu kilikwenda sawa. Kisha shule ikafungwa kwa likizo ya Juni. Tuliporudi Julai vibao vilikuwa vimesimama vyema kabisa, kila kimoja na jina lake. Miche iliyopona ilikuwa karibu na nyumba za walimu, ambako wake zetu walimwagia maji ya kuogeshea watoto.

Baadaye kila halmashauri ya wilaya iliagizwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Mimi nimefundisha hesabu, kwa hiyo niligawanya: ni zaidi ya miche 4,100 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Karatasi ya taarifa niliyokuwa nikiletewa shuleni ilikuwa na safu ya miti iliyopandwa. Safu ya miti iliyo hai haikuwamo.

Hatua kubwa ilikuwa Sheria ya Misitu, Namba 14 ya mwaka 2002. Sheria hiyo iliweka Mfuko wa Misitu, ulioanza kazi mwaka 2010, wa kutoa ruzuku ndogo, za kati na kubwa kwa vikundi, vijiji, taasisi na watafiti. Nililipenda wazo lake tangu nilipolisikia: sehemu ya ada na mrabaha unaolipwa kwa mazao ya misitu irudi kwenye miti. Gogo la mninga likiondoka Katavi kwenda kuwa mlango mahali pengine, basi na liache kitu cha kusomesha mche.

Miaka michache baada ya kustaafu nilijiwa na akina mama wa mtaa wetu waliotaka kuomba ruzuku kwa mfadhili mmoja, ambaye sitamtaja, ili wapande mwarobaini na mijohoro kandokando ya barabara na kwenye zahanati. Mkubwa wao, bibi mmoja asiyejua kuandika lakini mjuzi wa kuuliza, aliniamkia, akasikiliza nikisoma fomu, kisha akasema: "Mwalimu, karatasi inauliza miche mingapi. Haiulizi maji atachota nani."

Tukakaa tukapiga hesabu. Ndoo moja mara mbili kwa juma, kwa majuma 28 ya ukavu, ni ndoo 56 kwa mche mmoja. Kwa miche 300 ni ndoo 16,800, na hicho ni kiangazi cha kwanza tu. Mche unahitaji angalau viwili kabla mizizi haijajitegemea. Tuliandika kifungu cha kubeba maji na ulinzi. Kifungu kikafutwa. Tuliambiwa kuwa hayo ni matumizi ya kawaida, jamii ichangie. Viriba, mbegu, toroli na fulana za siku ya uzinduzi vilikubaliwa vyote.

Miche 300 ikapandwa na taarifa ikapelekwa mwezi wa Mei, ikiwa kweli tupu, maana siku ile yote ilikuwa hai. Baada ya kiangazi cha pili haikufika robo: ile iliyokuwa mbele ya milango ya wanakikundi, na michache ya zahanati ambayo mlinzi wa usiku aliinywesha kwa hiari yake. Siwalaumu akina mama. Mwenye watoto wanne na bomba linalotoa maji kwa zamu hawezi kunywesha barabara ya Serikali.

Marehemu Wangari Maathai wa Kenya aliliona jambo hili mapema. Juni 5, 1977, yeye na wenzake walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi, na miwili tu ndiyo iliyoishi. Baadaye harakati yake iliwapa wanawake kifuta jasho kidogo kwa kila mche ulioshika. Kumbe inawezekana.

Hata hapa mkoani inawezekana. Katika milima ya Ntakata, Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinavyotunza msitu wao vimelipwa mabilioni ya shilingi za hewa ukaa kupitia kampuni ya Carbon Tanzania, na fedha zimejenga madarasa na zahanati. Wanalipwa kwa msitu uliosimama. Lakini huko ni porini. Mwarobaini ulio mbele ya soko la Mpanda hauna mnunuzi wa hewa yake, na watu wanaohitaji kivuli wanaongezeka: Katavi ilikuwa na watu 564,604 mwaka 2012, na sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958.

Ningeombwa ushauri, ningesema ruzuku ya miti ya mjini igawanywe mafungu matatu. La kwanza litolewe wakati wa kupanda, mwezi Desemba. La pili na la tatu yatolewe Novemba mbili zinazofuata, kwa idadi ya miti iliyo hai, na kifungu cha maji kiwemo bila kuonewa haya. Wa kuhesabu wapo: darasa la nne lolote linaweza, likiwa na daftari na kalamu. Sharti hesabu ifanywe mwanzoni mwa Novemba, kabla majani ya mvua hayajaota na kuficha vijiti vilivyokauka.