Asili ya Chuo cha Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, kabla nchi haijapata uhuru, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikifundisha sheria tu chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kilihamia mlimani, magharibi ya mji, na mwaka huo huo ikaundwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Ukumbi wa Nkrumah, maktaba na mabweni vimo. Lakini kijana atokaye Nyamigogo, akiisha kuivuka nchi hata kufika hapo, husomeshwa masomo mengi kwa Kiingereza. Kiswahili huchunguzwa katika taasisi moja. Katika madarasa mengi hakijapata kiti.