Mwalimu alipokagua bei madukani Tabora

Watoto wa Chemchem, hapa Tabora, wanamjua Nyerere wa kwenye picha za ukutani, mwenye mvi na fimbo. Tabora ilimjua kabla ya fimbo. Alifika 1937 akiwa na miaka 15, mtoto wa chifu wa Wazanaki kutoka Butiama, akaingia Shule ya Serikali ya Tabora.

Alipomaliza Makerere alirudi hapahapa kufundisha St. Mary's. Shule ya serikali nayo ilimtaka, kwa mshahara mkubwa zaidi na pensheni juu yake. Akakataa. Mchana alifundisha historia na baiolojia, jioni aliwafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila kuwatoza hata senti, na bado alipata muda wa kuwa katibu wa tawi la TAA, chama kilichokuja kuzaa TANU.

Ila kipande ninachokipenda zaidi hakimo kwenye hotuba za kumbukumbu. Kwa muda fulani kijana huyu alikuwa mkaguzi wa bei. Anaingia dukani, anauliza bei, anaiandika, anapeleka taarifa kwa wakubwa. Alipoona taarifa zake hazifanyiwi kazi yoyote, aliacha kibarua hicho.

Kisha ikaja Januari 1958. Mji huu, uliozoea kupokea misafara ya pembe za ndovu kati ya Bagamoyo na Ujiji, safari hii ulipokea wajumbe wa mkutano wa TANU. Walikuja na hasira, na walikuwa na haki ya kukasirika. Serikali ya Gavana Twining ilikuwa imeandaa uchaguzi ambapo kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Ukimchagua mmoja tu, kura yako imeharibika. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura; ilitakiwa elimu, cheo, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Mkulima wa kawaida angezitoa wapi?

Wajumbe wengi walitaka kususa. Nyerere, sasa akiwa kiongozi wa TANU, ambaye mwezi mmoja tu nyuma alikuwa amejiuzulu kwenye Baraza la Kutunga Sheria, akasimama kuwapinga wenzake. Hesabu yake ilikuwa hii: tukisusa, viti vyote vinabebwa na UTP, chama alichokipenda gavana. Tukiingia, mtego unamnasa aliyeutega, maana hata Mzungu na Mwasia watahitaji kura za Waafrika ili washinde. Basi TANU iwaunge mkono wale wanaokubaliana nayo. Mabishano yalikuwa makali, lakini mwishowe hoja yake ilipita, na uamuzi huo hadi leo unaitwa Uamuzi wa Busara.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Wagombea walioungwa mkono na TANU walizoa viti, wakiwemo Derek Bryceson na Sophia Mustafa. UTP ikafifia.

Mwanachama mmoja, Zuberi Mtemvu, hakukubali uamuzi huo wa Tabora. Alijitoa TANU akaunda chama chake, African National Congress, akitaka Tanganyika ya Waafrika peke yao. Vitabu vya shule humpitia haraka, nami naona si haki, kwani aliyaamini aliyoyasema na akayagharamia. Mwaka 1962 alisimama kugombea urais dhidi ya Nyerere, na hakufikisha hata kura 3 katika kila 100.