Mizani na Mpimaji

Wakulima wa pamba wa Usukuma waliijua mapema hila ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, waliposhuku kwamba wanunuzi wanawapunja, hawakuitupa mizani, bali waliweka vituoni wapimaji wao wenyewe waisome na kuishuhudia. Kutokana na juhudi hizo, Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya ushirika.

Fundisho hilo lafaa kukumbukwa katika habari ya mitihani. Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake ni Bariadi, ulianzishwa Machi 2012. Septemba ya mwaka uo huo mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulisahihishwa kwa mashine. Mtahiniwa alitia kivuli kwa penseli kwenye herufi ya jibu, hata katika hisabati, na mashine ikasoma vivuli.

Binadamu hakuwa amejivunia sifa njema. Mapema mwaka ule ilibainika kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 walioingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Mashine haichoki, wala haiulizi mtoto ni wa nani. Lakini haitambui aliyekokotoa na aliyebahatisha, maana vivuli vyao hufanana. Baadaye hisabati ikarudishiwa maswali ya kuonyesha njia.

Wala lawama si ya mashine peke yake. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambayo walimu waliyasahihisha kwa mikono, yaliwaacha zaidi ya nusu ya watahiniwa katika daraja la sifuri. Mei 2013 serikali iliamuru yafutwe na madaraja yapangwe upya. Majibu ya watoto hayakubadilika hata neno moja. Kilichobadilika ni kipimo, na kipimo huwekwa na watu.

Leo akili mnemba yaweza kusahihisha hata insha, kwa mfano wa maandishi iliyofunzwa. Mtoto wa Itilima au Meatu, ambaye Kiswahili chake kina sauti ya Kisukuma cha nyumbani, aweza kuonekana amekosea pale alipofikiri vema. Hapana budi mwalimu asimame kando ya mashine, mwenye mamlaka ya kuipinga na wajibu wa kueleza sababu. Mizani husema kilo. Pamba safi na pamba fifi hutengwa kwa jicho la mtu.