Sumaku haipunguzi matumizi ya petroli

Mwenye matatu ya Likoni hadi Lunga Lunga, kupitia Ukunda na Msambweni, hujua mafuta yanavyomeza pato la siku. Ndiyo maana akiuziwa sumaku ya kufunga kwenye paipu ya petroli, au chupa ya kugeuza maji kuwa haidrojeni, hushawishika. Sumaku haibadilishi jinsi petroli inavyoungua. Nayo haidrojeni hutengenezwa kwa umeme wa injini iyo hiyo. Nguvu inayotumika kuyatenganisha maji huzidi inayorudi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilichunguza zaidi ya vifaa 100 lisione hata kimoja kinachopunguza sana matumizi. Kinachosaidia ni magurudumu yenye upepo wa kutosha, injini iliyotunzwa na mwendo wa wastani.