Taimingi ya Injini na Milima ya Rungwe

Motokaa itokayo Kyela kwenda Tukuyu huanza safari karibu na usawa wa Ziwa Nyasa, mahali palipo mita 475 hivi juu ya bahari, na huimaliza Makandana, penye hospitali ya wilaya ya Rungwe, mahali pazidipo mita 1,500. Barabara hupinda na kupanda, na mvua ya nchi hiyo hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Hewa nayo huzidi kuwa nyepesi kadiri gari linavyokwenda juu. Lifikapo Makandana, injini huvuta kwa kila pumzi hewa iliyopungua kwa karibu sehemu moja katika sita ikilinganishwa na hewa ya pwani. Dereva wa nchi tambarare aweza kuendesha miaka mingi bila kujua kwamba injini yake imechelewa. Dereva wa Rungwe hulijua jambo hilo siku ile ile, kwa kuwa mlima humwambia. Na ikiwa gari hilo limempakia mgonjwa anayepelekwa hospitali, kuchelewa kwa injini huwa ni kuchelewa kwa mtu.

Neno hili, kuchelewa, lina maana yake katika ufundi. Ndani ya injini ya petroli ya mapigo manne, ambayo Nikolaus Otto wa Ujerumani aliikamilisha mwaka 1876, mna shafti zitendazo kazi kwa mapatano. Moja ni krenki, igeuzayo mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka ukawa mzunguko. Nyingine ni kamshafti, ambayo kwa nundu zake hufungua valvu za kuingiza hewa na mafuta, na valvu za kutoa moshi. Krenki izungukapo mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja tu. Kwa sababu hiyo gia ya kamshafti ina meno mara mbili ya meno ya gia ya krenki. Katika injini nyingine gia hizo hukutana meno kwa meno. Katika nyingine huunganishwa na cheni. Na katika nyingine huunganishwa na mkanda wenye meno. Mapatano hayo ndiyo mafundi wayaitayo taimingi. Haifai kuyachanganya na taimingi ya moto, ambayo fundi huirekebisha kwa kugeuza distribyuta kwa mkono. Taimingi ya valvu imefichwa ndani, nyuma ya mfuniko wa mbele wa injini.

Mfuniko huo, kava ya taimingi, huonekana kuwa kitu kidogo. Huzuia oili isitoke na vumbi lisiingie, na hushika sili ya krenki. Lakini mfuniko ni mlango pia. Katika miaka mingi ya historia ya motokaa, mlango huo ulifungwa kiwandani, na fundi alipoufungua alikuta gia zilizopigwa alama: alama ielekee alama, na kazi imekwisha. Wakati wa kufungua na kufunga valvu ulikuwa umekwisha kuamuliwa na mchoraji wa injini, ambaye pengine hakupata kuuona mlima hata mmoja wa Afrika.

Sababu ya mtu kutaka kuugeuza wakati huo ni hii. Valvu ya kuingiza haifungwi pale pistoni ifikapo chini kabisa. Hufungwa baadaye kidogo, wakati pistoni imekwisha kuanza kupanda. Injini izungukapo kwa kasi, hewa iliyo mbioni huendelea kujisukuma ndani ya silinda ingawa pistoni inarudi, na kuchelewa huko huwa faida. Lakini injini izungukapo polepole, hewa haina mbio za kutosha. Pistoni huirudisha nje ilikotoka, na nguvu hupotea. Basi kamshafti ikitangulizwa nyuzi chache, valvu hufungwa mapema, na gari hupata nguvu ya kuvuta katika mzunguko wa chini. Ikicheleweshwa, hupata nguvu katika mzunguko wa juu. Hakuna kipatikanacho bure: fundi huhamisha nguvu kutoka mahali hadi mahali. Akizidisha kipimo, valvu hugongana na pistoni, na injini huvunjika.

Cheni iliyochakaa hulegea na kurefuka, na kurefuka kwake huichelewesha kamshafti. Kwa hiyo injini iliyozeeka hujitaimu yenyewe kwa namna isiyofaa mlimani: hupoteza nguvu ya chini, ile ile inayotakiwa na dereva aliyeshika gia ya pili akiwa na mzigo wa ndizi nyuma yake.

Katika Afrika ya Mashariki, jambo hili lilipata mtihani mkubwa katika mashindano ya Safari. Yalianzishwa mwaka 1953 kwa jina la Safari ya Kutawazwa, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yalipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu mwaka 1960 hadi 1974 yaliitwa Safari ya Afrika ya Mashariki. Hayakuwa mashindano ya mbio za uwanjani. Magari yalipita katika vumbi, matope, mito na milima kwa siku kadhaa, na tofauti kati ya injini yenye nguvu na injini yenye subira ilidhihirika mbele ya watu wote.

Magari ya mwanzo yalikuwa na milango iliyofungwa sana. Volkswagen, ambayo Vic Preston alishinda nayo mwaka 1954, haina cheni wala kava ya taimingi. Gia zake zimo ndani ya tumbo la injini, na anayetaka kuzigusa hana budi kulipasua tumbo hilo nusu kwa nusu. Volvo PV544, ambayo Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda nayo mwaka 1965, ilikuwa na gia nyuma ya kava, na gia ya kamshafti ilitengenezwa kwa nyuzinyuzi zilizogandishwa, ili isipige kelele. Watengenezaji wengine waliuza baadaye gia za chuma au alumini za kuweka mahali pake: zilipiga kelele zaidi, lakini meno yake hayakunyofoka upesi. Hapo msomaji aona mwanzo wa biashara nzima ya vipuri visivyotoka kiwandani. Kiwanda kiliyapenda masikio ya abiria. Mshindani aliipenda gia isiyokatika usiku porini.

Peugeot 404 ina habari iliyo karibu zaidi na Tanzania. Kampuni ya Peugeot haikuwa ngeni katika elimu ya valvu. Mwaka 1912 gari lake lenye kamshafti mbili juu ya injini na valvu nne kwa kila silinda lilishinda mashindano makuu ya Ufaransa likiendeshwa na Georges Boillot. Lakini injini ya 404 ilikuwa ya kiasi: silinda nne, sentimita za ujazo 1,618, kamshafti moja ubavuni, na cheni nyuma ya kava. Gari hilo lilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Mwaka 1963 magari yaliyoanza yalikuwa 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 vile vile. Na katika miaka yote miwili wa kwanza alikuwa Nick Nowicki ndani ya 404. Hesabu hizi zafundisha kwamba katika nchi ya milima na matope, injini ivutayo kwa utulivu kutoka chini hufika, na ile ipigayo kelele juu mara nyingi haifiki. Wenye kubeba abiria na mizigo walilifahamu jambo hilo. 404 iliendelea kuundwa Kenya hadi mwaka 1991, miaka mingi baada ya Ufaransa kuiacha.

Baadaye ikaja Datsun, na pamoja nayo jambo jipya. Edgar Herrmann alishinda mwaka 1970 kwa Datsun 1600 na mwaka 1971 kwa Datsun 240Z. Shekhar Mehta akashinda kwa 240Z mwaka 1973. Injini za magari hayo zilikuwa za jamii moja, zenye kamshafti juu na cheni ndefu, na wachoraji wake walikiri waziwazi kwamba cheni itarefuka. Katika gia ya kamshafti walitoboa matundu matatu yenye namba 1, 2 na 3. Gari jipya hufungwa tundu la 1. Cheni ikirefuka, fundi huhamia la 2, na kamshafti hutangulia nyuzi 4 za krenki. Ikirefuka tena, huhamia la 3. Kazi hiyo hufanyika kwa juu, bila kuondoa kava ya mbele, mradi fundi aingize kwanza kabari ya mti kati ya pande mbili za cheni ili kikaza-cheni kisichomoke. Akiisahau kabari, kikaza-cheni hutoka mahali pake, na hapo ndipo kava yote haina budi kufunguliwa. Kipande kile cha mti hakiuzwi dukani wala hakina namba ya kiwanda. Fundi hukichonga mwenyewe.

Matundu matatu yalikuwa ruhusa ndogo. Watengenezaji wa vipuri waliipanua: walitengeneza gia zenye mianya mirefu na bolti, ambazo fundi aweza kuzigeuza uzi mmoja mmoja, akipima kwa sahani yenye nyuzi 360 iliyofungwa kwenye krenki. Injini za mkanda, kama ile ya Ford Escort RS1600 ambayo Hannu Mikkola alishinda nayo mwaka 1972, nazo zilipata gia za namna hiyo. Kwa injini za Marekani za silinda nane, ambazo kava yake imekaa juu ya ukingo wa sampu na huvujisha oili kila ifunguliwapo vibaya, zilitengenezwa kava za alumini za vipande viwili: kipande cha mbele hutoka peke yake, gia hugeuzwa, na sampu haiguswi. Vipuri vya namna hii vina soko hata leo, kwa kuwa tangu mwaka 2003 yapo mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na mwaka 2009 Ian Duncan wa Kenya aliyashinda kwa Ford Mustang.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri na michezo yao, na kwamba gari la kubeba chai kutoka Katumba halihitaji gia ya kugeuzwa. Hoja hiyo ina ukweli wake. Kiwanda hakikufunga mlango kwa hila. Kilipima injini kwa siku nyingi, na fundi ageuzaye bila kupima huharibu zaidi kuliko kutengeneza. Lakini kiwanda kilipima kwa ajili ya barabara ya wastani na hewa ya wastani, na Rungwe si mahali pa wastani. Ajuaye kwamba cheni iliyorefuka huichelewesha kamshafti hatamwambia mwenye gari anunue kabureta mpya kwa kosa lisilo la kabureta. Faida hiyo haihitaji gia ya thamani. Yahitaji kuelewa tu.

Siku hizi injini hujigeuza zenyewe. Alfa Romeo ilianza kuuza gari lenye taimingi ya kujibadilisha mwaka 1980, na tangu katikati ya miaka ya 1990 Toyota imeandika VVT-i juu ya injini zilizojaa sasa katika barabara za Tanzania. Shinikizo la oili huisukuma kamshafti mbele na nyuma kwa amri ya kompyuta, na injini moja hupata nguvu ya chini mlimani na nguvu ya juu tambarare. Hayo ni maendeleo makubwa, wala hayafai kulalamikiwa. Hata hivyo uamuzi umerudi kwa mchoraji aliye mbali, na mlango uliokuwa umeanza kufunguliwa umefungwa tena.

Kwa hiyo elimu ya matundu matatu na kabari ya mti imebaki kwa mafundi wazee, na sehemu kubwa yake imekaa vidoleni mwao. Maneno yao, taimingi, krenki, kava, kikaza-cheni, hayakuchaguliwa na kamati. Yalizaliwa katika kazi, na kila moja limebeba jambo lililojaribiwa. Wanafunzi wa lugha wanaokusanya mashairi na methali wangefaa kukusanya na maneno haya, pamoja na maelezo ya watumiaji wake, kabla injini za mwisho za namna hiyo hazijazimika. Gari la zamani likikosa nguvu katika mpando wa kwenda Makandana, lugha ya kueleza sababu yake ipo tayari. Iliyobaki ni kuiandika.