Kodi ya Thamani ya Ardhi

Ukimwambia mwenye shamba wa Soy, katika kaunti ya Uasin Gishu nchini Kenya, kwamba anadaiwa kodi ya ardhi, ana haki ya kukuuliza: ipi? Zipo mbili. Moja hulipwa serikali kuu na mtu aliyekodishwa ardhi ya umma kwa muda, mathalani miaka 99. Nyingine hutozwa na kaunti chini ya Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010, na hata mwenye umiliki huru anaweza kudaiwa.

Ya kwanza Tanzania huiita kodi ya pango la ardhi, nasi tungefanya vyema kulichukua jina hilo. Ya pili wapo wanaoiita ada, lakini ada hulipia huduma uliyopewa, kama maegesho. Wala "kodi ya majengo", ambayo Watanzania hukatwa wanaponunua umeme wa kulipia kabla (LUKU) tangu 2021, haitufai, kwa kuwa desturi ya Kenya ni kuthamini kiwanja bila jengo: ghorofa na kibanda vilivyo kwenye viwanja vinavyolingana hutozwa sawa. Napendekeza "kodi ya thamani ya ardhi".

Thamani hiyo inatoka wapi? Chukua ekari ya mahindi Kuinet, upande wa Soy ulio karibu na Eldoret. Lami ikifika, maji yakivutwa, mji ukipewa hadhi ya jiji kama ilivyotokea tarehe 15 Agosti 2024, bei hupanda hata kama mwenyewe hajaongeza tofali. Fedha za umma na wingi wa watu ndivyo vilivyoipandisha, na ni haki sehemu ya ongezeko hilo irudi kwa umma. Mmarekani Henry George, katika kitabu chake cha 1879, alitaka kodi ya ardhi ichukue nafasi ya kodi zote. Mimi sifiki huko.

Kodi hii husimama juu ya daftari la uthamini, yaani orodha ya viwanja na thamani zake, na daftari likipitwa na wakati kodi huachana na bei halisi. Nairobi ilitumia thamani za 1982 kwa miongo kadhaa.

Hata daftari likiwa sahihi, linabaki suala la uwezo wa kulipa. Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Eldoret viko humu humu Uasin Gishu, na swali la kuvifaa kulitafiti liko Soy: mjane mwenye ardhi ghali lakini asiye na fedha mpaka avune atalipaje? Jimbo la British Columbia, Kanada, huwaruhusu wazee kuahirisha kodi ya nyumba wanayoishi hadi itakapouzwa. Uasin Gishu ingeweza kuwapa wakulima wake nafuu ya namna hiyo, na hata kuweka tarehe ya malipo baada ya mavuno.