Mtu wa mkono mmoja na fuwele za 1926: tulijuaje kimeng'enya ni nini?

Fungua kitabu chochote cha baiolojia cha sekondari, utakuta sentensi inayofanana na hii: vimeng'enya ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia katika viumbe hai. Tunaikariri, tunaiandika kwenye mtihani, maisha yanaendelea. Kumbe hayo maneno mawili, "ni protini", yaligombaniwa kwa miaka mingi, na upande uliokosea ndio uliokuwa na majina makubwa. Kibaya zaidi, kilichowapoteza wakubwa hao ni sifa ileile inayokifanya kimeng'enya kiwe kimeng'enya.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walitoa kutoka kwenye nafaka iliyooteshwa kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari. Waliona kwamba kitu hicho kikichemshwa, kinapoteza nguvu. Miaka michache baadaye Jöns Jacob Berzelius wa Sweden alipendekeza jina la vitu vinavyoharakisha mabadiliko bila vyenyewe kutumika: vichocheo. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira, akaikamua maji yake, na maji hayo yasiyo na chembe hai hata moja yakageuza sukari kuwa pombe. Basi, kufikia mwanzo wa karne ya 20 watu walijua vimeng'enya vinafanya nini, na kwamba si lazima seli iwe hai ndipo vifanye kazi. Swali likabaki moja: vimetengenezwa na nini?

Jibu lililotawala lilitoka kwa Richard Willstätter wa Munich, mshindi wa Nobel ya kemia ya 1915. Huyu si mtu wa kubahatisha. Yeye na wenzake walisafisha vimeng'enya hatua kwa hatua, wakiondoa uchafu, hadi wakabaki na maji ambayo yalikuwa bado yanafanya kazi vizuri sana. Wakayapima kwa vipimo vya protini vya wakati ule. Vipimo havikuonyesha kitu. Hitimisho lao: kimeng'enya chenyewe ni kijimolekuli kidogo, na protini ni mbebaji tu, kama punda aliyebeba mzigo. Punda ukimbadilisha, mzigo ni uleule.

Ng'ambo ya Atlantiki, kwenye Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alikuwepo James Sumner. Akiwa na miaka 17 alipigwa risasi kwa ajali walipokuwa wakiwinda, akakatwa mkono wa kushoto, na yeye alikuwa anatumia mkono huohuo wa kushoto. Akajifunza upya kufanya kila kitu kwa wa kulia. Alipotaka kusomea kemia Harvard, profesa wake Otto Folin alimshauri aende akasome sheria, maana mtu wa mkono mmoja hataweza mambo ya maabara. Hakumsikiliza, na shahada ya udaktari akaipata.

Mwaka 1917 Sumner aliamua kukamata kimeng'enya kimoja kikiwa safi kabisa. Alichagua yurease. Kazi yake ni kuvunja yurea kuwa amonia na kabonidioksidi. Unaifahamu bila kujua: harufu kali ya zizi la ng'ombe au choo cha mkojo ni amonia iliyotengenezwa na yurease ya bakteria. Mkulima akimwaga mbolea ya yurea juu ya udongo bila kuifukia, yurease iliyomo ardhini inamgeuzia sehemu ya nitrojeni kuwa amonia, inapotelea hewani. Sumner aliipata kwa wingi kwenye mbegu nyeupe za Canavalia ensiformis, mmea wa jamii ya kunde.

Vifaa vilikuwa haba. Maabara haikuwa na hata sanduku la barafu, kwa hiyo walikuwa wanaweka vyombo vya mchanganyiko wao dirishani na kuomba usiku uwe wa baridi. Miaka tisa ilipita namna hiyo. Mwaka 1926 alijaribu kuloweka unga wa mbegu katika maji yenye asetoni, akachuja, akaacha yapoe. Alipotazama tone moja kwa hadubini, aliona fuwele ndogondogo. Alizikusanya, akaziyeyusha, akazipima: zilivunja yurea kwa nguvu kubwa, na vipimo vyote vilisema ni protini. Akampigia simu mke wake kumwambia amepata fuwele za kimeng'enya cha kwanza duniani.

Unadhani alipigiwa makofi? Wapi. Willstätter na wafuasi wake walisema hizo fuwele ni za yule punda, na kimeng'enya kimejibanza humo kama uchafu. Ilibidi asubiri hadi 1930, John Northrop wa Taasisi ya Rockefeller alipopata fuwele za pepsini, kimeng'enya cha tumboni. Northrop alionyesha kwamba ukiiharibu protini, uwezo wa kazi nao unapungua kwa kiwango kilekile. Vimeng'enya vingine vikafuata, na kila mara hadithi ilikuwa moja. Mwaka 1946 Sumner, Northrop na Wendell Stanley waligawana Nobel ya kemia.

Sasa, Willstätter alikosea wapi? Vipimo vyake vilikuwa sahihi, tatizo ni kile alichokuwa anakipima. Kichocheo hakitumiki kikaisha. Molekuli ya yurea inaingia kwenye kishimo maalumu cha kimeng'enya, inavunjwa, vipande vinatoka, kishimo kiko wazi kupokea nyingine. Kishimo kimoja cha yurease kinaweza kuvunja maelfu ya molekuli kwa sekunde moja, wakati yurea iliyoachwa peke yake kwenye maji ya kawaida ingehitaji miongo kadhaa ili nusu yake ivunjike. Kwa nguvu hiyo, kiasi kidogo mno kinatosha kufanya kazi inayoonekana. Willstätter alikuwa na protini kwenye chupa yake, ila ilikuwa kidogo kuliko uwezo wa vipimo vyake kuiona. Kazi iliyoonekana ilikuwa kubwa, mfanyakazi hakuonekana, akadhani mfanyakazi ni mtu mwingine.

Ushindi wa Sumner ulieleza pia tabia ambazo watu walikuwa wameziona tangu 1833. Protini ni mnyororo mrefu uliokunjwa kwa umbo maalumu, na kishimo kipo kwa sababu ya mikunjo hiyo. Ukiongeza joto kidogo, molekuli zinagongana zaidi na kazi inakwenda haraka. Ukizidisha, mikunjo inafunguka, na hairudi kirahisi, kama vile yai lililochemka lisivyorudi kuwa bichi. Baridi ni tofauti: inapunguza kasi tu, haibomoi umbo, ndiyo maana dirisha la Sumner halikumharibia kazi. Asidi nayo inabadilisha chaji zinazoshikilia mikunjo. Pepsini inapenda asidi kali ya tumbo, yurease ya mbegu inapenda maji yasiyo na asidi wala besi nyingi. Ukiongeza yurea, kasi inapanda mpaka vishimo vyote vijae, baada ya hapo hata ukimimina debe zima, haiongezeki. Na chembe za zebaki au fedha zikijishika kwenye protini hiyo, kazi inasimama.

Haki itendeke kwa Willstätter pia. Mwaka 1975 wanasayansi waligundua kwamba ndani ya kishimo cha yurease mna nikeli, chuma ambacho Sumner hakukiona, na bila nikeli hiyo kimeng'enya hakifanyi kazi. Kwa hiyo wazo la kitu kidogo kinachobebwa halikuwa upuuzi mtupu, ila nikeli peke yake, bila protini iliyokunjwa kuizunguka, haiwezi kazi hiyo. Halafu miaka ya 1980 Thomas Cech na Sidney Altman wakaonyesha kwamba hata RNA inaweza kuwa kichocheo ndani ya seli, nao wakapata Nobel ya 1989. Kwa hiyo siku hizi, kwenye ile sentensi ya kitabu cha sekondari, inabidi tuongeze neno moja: vimeng'enya *vingi* ni protini. Mwalimu wako akikuuliza umelitoa wapi, mwanzie na Sumner.